Zamhariri: baridi hii ilitoka wapi?

Katika toleo lililopita tuliandika sentensi moja tu, "zamhariri ya Antaktika hugandisha hata zebaki", tukadhani tumemaliza. Barua zilizofuata zimetuonyesha kuwa neno hilo lina wenyewe, kuanzia walimu wa madrasa hadi mfasiri wa vitabu vya watoto. Tumechagua nane.

Nimezoea kulisikia kwenye mawaidha, moto na zamhariri vikitajwa pamoja. Ni Kiarabu, au Waarabu nao waliliazima kwa Waajemi? Na maana yake ni baridi tu?
*Msomaji, Tanga*

Ni baridi, ila si kila baridi. Ile ya kawaida Kiarabu huiita *bard*, na kutoka mzizi huo sisi tulipata "baridi". *Zamharir* ni ile iliyopita kiwango, inayouma na kudhuru mwili. Katika Kurani limo mara moja tu, sura ya 76, Al-Insan, aya ya 13, pale watu wa peponi wanapoelezwa wameegemea, hawaoni humo jua wala zamhariri. Tafsiri za Kiswahili huandika "jua kali wala baridi kali". Maana imefika, lakini neno "kali" ameliongeza mfasiri, kwa sababu katika Kiarabu ukali umo ndani ya zamhariri yenyewe. Ndiyo maana "zamhariri kali" inatusikikia kama "chumvi ya chumvi".

Kuhusu Uajemi, wapo wanakamusi waliolikata neno hili vipande viwili: *zam*, yaani baridi, na *harir*, eti "mtendaji". Kipande cha kwanza kina mashiko, maana Waajemi huita majira yao ya baridi *zemestan*. Kipande cha pili ndipo jahazi linapovuja. Kiarabu kina kitenzi kamili cha neno hili, *izmaharra*, na kimekaa kwenye kalibu, yaani umbo la kujengea vitenzi, inayojulikana. Rudi nyuma aya tatu tu katika sura hiyohiyo, aya ya 10, utakuta siku ya Kiyama inaitwa *qamtarir*, yenye shida na kukunja uso: umbo ni lilelile, mlio ni uleule, na kitenzi chake ni *iqmatarra*. Kalibu hiyo ndiyo ya *taqsha'irru*, ngozi kusisimka, katika sura ya 39 aya ya 23.

Mtu anaweza kusema kwamba hata neno la kuazima huzaa kitenzi. Ni kweli, kwa hiyo kalibu peke yake haifungi mlango. Tunaloliona zito zaidi ni maana za kitenzi hicho, kwa sababu nyingi hazina baridi ndani. Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 1311, amezikusanya katika kamusi yake: macho *yameizmaharra*, yamekuwa mekundu kwa hasira, uso umekunjamana, nyota zimemetameta, na *muzmahirr* ni mtu aliyepandwa na ghadhabu. Kama neno zima lingekuwa "kifanya baridi" cha Kiajemi, nyota na macho mekundu vingeingiaje?

Sisi tunaona kinachoziunganisha maana hizi ni ukali wa kuchoma. Fikiria usiku wa jangwani majira ya baridi, mbingu safi bila wingu. Wingu ni kama blanketi: likiwapo, joto la ardhi hurudishwa chini, lisipokuwapo, joto hupanda moja kwa moja na ardhi inapoa upesi. Basi saa ile nyota zinapochoma macho ndiyo saa baridi inapochoma vidole.

Ustadhi wetu alisema zamhariri katika aya hiyo ni mwezi. Watu wakacheka. Alikosea?
*Msomaji, Lamu*

Hakukosea, na waliocheka wamwombe radhi. Kauli hiyo ni ya zamani. Imenukuliwa kutoka kwa Tha'lab, mwanalugha wa madhehebu ya Kufa, kwamba katika lahaja ya kabila la Tayy' zamhariri ni mwezi, na Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, akaitia katika tafsiri yake. Ushahidi wake ni ubeti wa msafiri:

*Wa laylatin zalamuha qad i'takar,*
*qata'tuha waz-zamhariru ma zahar.*

Yaani: usiku ambao giza lake limetanda nimeukata, na zamhariri haijang'aa. Baridi haing'ai, mwezi ndio unaong'aa. Kwa kauli hiyo aya inasema peponi hakuna jua wala mwezi, kwa kuwa nuru yake haitoki kwenye viwili hivyo. Wafasiri wengi wameshikilia baridi, na hadithi inayotajwa hapa chini inawaunga mkono. Ila ya mwezi ni kauli ya kielimu, haikuzuliwa barazani.

Kijana wangu anahifadhi Juzuu ya 29 na kila akifika hapo mwalimu humrudisha. Kosa liko wapi?
*Mama wa mwanafunzi, Wete*

Mama, tunakisia kosa liko kwenye herufi moja. Aya ya 12 inaishia na *hariran*, hariri ya kuvaa, na *h* yake ni ile ya kooni katikati (ح), kama katika "Muhammad". Aya ya 13 inaishia na *zamhariran*, na *h* yake ni ile nyepesi ya mwisho wa koo (ه), kama katika "Ibrahim". Kiswahili kimezifanya zote mbili *h* moja, na kwa kuwa aya zimefuatana, ulimi wa mtoto hubeba hariri ya aya ya kwanza ukaipachika kwenye ya pili. Matokeo yake ni "zam-hariri", kitambaa badala ya baridi.

Kosa la pili ni "zamahariri". Kiswahili hupenda irabu kila baada ya konsonanti, lakini *mim* (herufi m) hapa ina sukuni, yaani haina irabu: funga midomo, *zam*, kisha *ha*, bila kupachika "a" katikati na bila kuivuta *mim* kwa ghuna, mlio wa puani, maana mbele ya *ha* husomwa wazi. Halafu *rii* huvutwa harakati mbili, yaani vipimo viwili, na *ra* yake ni nyembamba kwa sababu ya kasra (irabu i). *Ra* ya mwisho ni nene kwa sababu ya fataha (irabu a). Akisimama, tanwini, ile *n* ya mwisho, huanguka na kuwa *zamhariraa*, harakati mbili. Akiunganisha na aya inayofuata, tanwini hubaki. Mwambie asome aya ya 12 peke yake mara tano, apumzike, ndipo asome ya 13. Akizisoma mfululizo kabla ulimi haujazoea, kosa litajirudia.

Sura hii husomwa katika misikiti mingi alfajiri ya Ijumaa, rakaa ya pili, baada ya As-Sajda katika ya kwanza. Kijana ana nafasi ya kusikiliza kila wiki. (Na kwa waliouliza: hapana, mhariri wa gazeti hili hana udugu na zamhariri.)

Je, ni kweli baridi ya ncha za dunia ni pumzi ya Jahanamu?
*Msomaji, Ujiji*

Ipo hadithi ya Abu Huraira, imo kwa Bukhari na Muslim: Moto ulimshitakia Mola wake kwamba sehemu zake zinalana, ukaruhusiwa pumzi mbili, moja majira ya baridi na moja kiangazi, ndiyo joto kali kabisa mnalolipata na zamhariri iliyozidi zote mnayoipata. Ncha za dunia hazikutajwa. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza kwamba wanazuoni walihitilafiana kama maneno hayo ni ya dhahiri au ni mfano, naye akapendelea dhahiri. Ya fatwa muulize shekhe wako. La lugha tunaliweza: hadithi hii huja pamoja na ile inayoamrisha Adhuhuri icheleweshwe jua likiwa kali, na kitenzi kilichotumika huko ni *abridu*, "ingojeeni ipoe", kutoka mzizi uleule wa baridi.

Nimekuta katika kitabu cha kale kwamba zamhariri ni mahali angani. Mimi hufundisha jiografia. Wazee wale walikuwa wanasema nini?
*Mwalimu, Dodoma*

Mwalimu, walikuwa wanasema jambo ambalo nusu yake inasimama hadi leo. Ikhwan as-Safa, kikundi cha wanafalsafa wa Basra katika karne ya 10, waliigawa hewa matabaka matatu: chini *nasim*, hewa ya kupumua, katikati *zamharir*, tabaka la baridi kali, juu *athir*, hewa ya moto. Msingi wao ulikuwa Aristotle. Hoja ilikuwa hivi: miali ya jua hugonga ardhi na kurudi, ikapasha hewa ya chini, huko juu kabisa kuna joto litokanalo na mzunguko wa mbingu, basi katikati, mbali na majiko yote mawili, lazima pawe baridi. Humo ndimo walimoweka mawingu na mvua ya mawe.

Walipopatia ni kwamba hewa hupashwa zaidi kutoka chini, kama sufuria. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6.5. Fanya hesabu na wanafunzi: pwani nyuzi 30, kilele cha Uhuru mita 5,895. Zidisha 5.895 kwa 6.5, unapata nyuzi 38 na kidogo; toa kwenye 30, kilele kina takriban hasi 8. Ndiyo maana barafu ya Kilimanjaro haihitaji ncha ya dunia. Ndege ikifika mita 11,000, kipimo cha nje husoma hasi 40 na zaidi, hata kama abiria wamepanda Dar es Salaam wakitokwa jasho.

Endelea kupanda. Juu ya ikweta baridi huongezeka mpaka kilomita 16 au 17, ambako hufika karibu hasi 80. Juu ya ncha za dunia mpaka huo uko chini zaidi, kilomita 8 au 9, na kwa kawaida hauna baridi kiasi hicho. Kwa hiyo kama zamhariri ni tabaka la juu, sisi wa ikweta ndio tuliokaa chini ya moja iliyo baridi kuliko zote, na mvua ya mawe inayotoboa majani ya chai Kericho na Nandi huumbwa njiani kuelekea huko. Juu ya mpaka huo joto huanza kupanda tena, kama wazee walivyosema, lakini sababu si mzunguko wa mbingu: ni ozoni inayofyonza miali ya jua.

Nchani mambo hugeuka. Kituo cha Vostok, Antaktika, kilipima hasi 89.2 tarehe 21 Julai 1983, baridi kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa na kituo cha juu ya ardhi. Kituo kiko mita 3,488 juu ya usawa wa bahari, juu ya barafu. Jua halichomozi kwa miezi. Likichomoza, theluji hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wake angani. Na hewa ni kavu mno, haina mvuke wa kuzuia joto lisipotee. Barafu ikipoa hivyo huipoza hewa inayoigusa, na hewa baridi ni nzito, haipandi. Basi wakati wa baridi kuu, ukipanda mita mia kadhaa kutoka barafuni unakuta hewa yenye *nafuu*. Kanuni ya sufuria imepinduka: zamhariri imeshuka, imelala chini. Wanafunzi wengi hukosea hapa wakitumia nyuzi 6.5 kila mahali.

Nasoma Uturuki. Wenyeji wananiita "zemheri zürafası" na kucheka. Zürafa si twiga?
*Mwanafunzi, Ankara*

Ni twiga, ndiyo, lakini hapa twiga kaingia kwa bahati mbaya. *Zemheri* ni zamhariri iliyokatwa mkia. Waturuki wameifanya jina la majira: siku kama 40, tangu 22 Desemba hadi mwisho wa Januari, kitovu cha baridi yao. Ama *zürafa*, asili yake ni *zurafa*, wingi wa *zarif*, yaani watanashati. Mtanashati wa zemheri ni yule anayetoka na shati jembamba theluji ikianguka ili aonekane kapendeza. Neno la watanashati likasahauliwa, masikio yakasikia twiga, na twiga akabaki kwenye theluji. Wanakwambia uvae koti.

Mpwa wangu yuko Winnipeg, Kanada. Anasema hasi 40 huunguza kama pasi. Anatia chumvi?
*Msomaji, Kimara*

Hatii hata punje. Kumbuka friza ya nyumbani hukaa karibu hasi 18. Yeye yuko nyuzi 22 chini ya hapo. Zebaki huganda ikifika hasi 38.8, ndiyo maana vipimajoto vya huko hutumia spiriti.

Ngozi ikiganda, maji yaliyo kati ya seli hugeuka barafu kwanza, yakavuta maji ya ndani ya seli, seli zikasinyaa na kufa. Mishipa midogo hujibana na damu kuganda humo. Baada ya saa kadhaa hutoka malengelenge yasiyo na tofauti kubwa na ya maji ya moto. Chuma ni kibaya zaidi kwa sababu hunyonya joto upesi: kidole chenye unyevu kikigusa kitasa hunasa papo hapo. Akinasa asivute, ngozi itabaki mlangoni. Amwagiwe maji ya uvuguvugu.

Upepo huongeza hatari. Hasi 30 pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili huihisi kama hasi 46, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 5 hadi 10. Mtego ni kwamba maumivu hutangulia kisha hukoma. Mgeni hudhani amezoea, kumbe neva zimekufa ganzi. Katika ngozi nyeusi weupe wanaoutaja vitabuni hauonekani vizuri: atafute doa la kijivu lililopauka, gumu kama nta, lisilohisi kuguswa. Pua, masikio, vidole, mashavu.

Akipata hilo, aingie ndani na avue pete. Kiungo kitiwe kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, dakika 30 hivi, maji yakiongezwa joto kila yakipoa, mpaka ngozi ilainike. Maji ayapime mtu mwingine kwa kiwiko, kwa sababu mwenye ganzi hawezi kujua kama yanamchoma. Asisugue, wala kwa theluji kama wazee wa zamani walivyoshauri: barafu iliyo ndani hukata nyama kama vigae. Asikae karibu na moto au hita. Na kama bado yuko njiani na kiungo kinaweza kuganda tena, ni afadhali asikiyeyushe mpaka afike, kwani kuganda mara ya pili huharibu kuliko mara ya kwanza. Malengelenge asiyapasue, aende hospitali. Maumivu yakirudi makali asishtuke, ni dalili kwamba neva zinaamka.

Kosa la wageni kutoka kwetu huwa kwenye nguo: fulana ya pamba ndani, inayonywa jasho na kubaki mbichi. Ya sufu au poliesta ni bora. Na soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko soksi moja, kwa sababu damu haipiti.

Natafsiri kitabu cha watoto kuhusu dubu wa nchani. Niandike "ukanda wa zamhariri"?
*Mfasiri, Nairobi*

Usiandike, ingawa masikioni ni tamu. Mahali paite "ncha ya kaskazini" au "ukanda wa barafu". Zamhariri iweke kwenye hali ya hewa, katika ngeli ya I-ZI: "zamhariri imeshika", "zamhariri hizo mbili". Baridi ya Limuru mwezi wa saba ni baridi. Upepo mwanana wa Juni pwani ni kipupwe. Majani yakiamka meupe huko Njombe ni sakitu. Sisi tungeanzia zamhariri kwenye hasi 40, pale zebaki imekwisha kuganda na pale kipimo cha Selsiasi na cha Farenhaiti vinaposoma namba moja. Neno likionekana geni kwa mtoto, mpe mara ya kwanza pamoja na tendo: "Zamhariri ilipoingia, pumzi ya dubu iliganda kwenye masharubu yake." Mara ya pili hatauliza.